Wanyama wa mjini na vimelea vyao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya huulizwa na mtu aliyekwisha kushtuka: kaona kinyesi darini, kamkuta mtoto na mchanga mdomoni, au kasikia jambo kuhusu paka na ujauzito. Ukiwa na haraka, anza na la 4 na la 5. Hofu nyingi hupungua hapo, na chache huongezeka.

## Ya msingi

1. Vimelea ni nini, na vinatofautianaje na bakteria na virusi?

Kimelea ni kiumbe kinachoishi ndani ya kiumbe kingine, au juu ya ngozi yake, na kula kwa mgongo wake. Hapa tunazungumzia makundi matatu: vijidudu vya seli moja kama toksoplasma, giardia na leishmania, minyoo, na wadudu wanaonyonya damu au kuchimba ngozi, kama viroboto, kupe na funza.

Tauni na homa ya mgunda, ambazo kweli hutoka kwa panya, ni kazi ya bakteria. Kichaa cha mbwa ni virusi. Tumeyaacha nje magonjwa hayo kwa sababu kinga na tiba zake ni nyingine kabisa, isipokuwa pale unapoumwa na mnyama (swali la 19).

2. "Wanyama wa mjini" ndio wapi?

Ni wale wanaoishi kwa jasho letu bila kufugwa: panya, mbweha, nguchiro, tumbili, popo, njiwa, kunguru, sungura wa kwenye bustani za umma, konokono, na kwa upande wa Amerika rakuni (mnyama mwenye alama nyeusi machoni kama barakoa), koyote (jamii ya mbwa mwitu) na oposumu (mnyama mwenye mfuko wa kubebea watoto). Paka na mbwa wasio na mwenyewe si wanyama wa porini, lakini tumewaingiza. Wao ndio daraja: usiku wako jalalani na panya, asubuhi wako mlangoni kwako.

3. Kwa nini mjini? Si porini ndiko kwenye wanyama wengi?

Porini kuna aina nyingi, lakini kila mmoja ana eneo lake. Mjini aina ni chache na zimebanana, kwa kuwa chakula kiko mahali pamoja. Pipa moja lisilofunikwa linaweza kukutanisha panya, paka, nguchiro na kunguru usiku mmoja, na kila mmoja akaacha kinyesi chake papo hapo. Kwa mnyoo anayetegemea kinyesi kuhama kutoka tumbo hadi tumbo, hakuna raha kuliko hiyo.

Lakini si kila kimelea hustawi mjini. Huko Zürich, Uswisi, ambako mbweha wekundu wamehamia mitaani, watafiti walikuta kwamba mbweha wa pembezoni mwa mji walikuwa na mnyoo wa ekinokokasi (tegu mdogo sana, swali la 9) zaidi kuliko wale wa katikati. Mnyoo huyo lazima apitie kwenye mwili wa panya wa majani, na katikati ya mji panya hao ni haba. Mnyororo ukikosa pingu moja, unakatika.

4. Mnyama akipita tu uani kwangu, nimekwisha?

Hapana. Kimelea hakiruki hewani kama mafua. Kinahitaji njia, na njia zenyewe ni chache: kinyesi kilichofika mdomoni (kwa mikono, mboga, maji au udongo), mdudu aliyemuuma mnyama kisha akakuuma wewe, nyama au konokono asiyeiva, na ngozi tupu iliyogusa udongo wenye mabuu ya minyoo ya safura ya mbwa na paka.

Kila mnyama utakayeulizia hapa chini, uliza kwanza anatumia njia gani. Popo anayepita juu ya kichwa chako jioni hana njia. Koa mdogo ndani ya jani la saladi anayo, ingawa hakuna anayemwogopa.

5. Kinyesi kibichi na kikavu, kipi hatari zaidi?

Watu wengi hujibu "kibichi", na mara nyingi wanakosea. Yai la toksokara, mnyoo wa mviringo wa mbwa, paka na mbweha, likitoka halijawa tayari kuambukiza. Huhitaji wiki mbili hadi nne kwenye udongo wenye joto na unyevu ili buu likue ndani. La mnyoo wa rakuni ni vivyo hivyo. Toksoplasma ya paka huhitaji siku 1 hadi 5. Kufikia hapo kinyesi kimeshasambaratika na mvua, hakionekani wala hakinuki, na mtoto anachimba hapo kwa kijiko.

Ukilitazama yai la toksokara kwa hadubini utaelewa kwa nini linadumu. Ni duara la kahawia, na ganda lake lina vishimo vishimo kama kastabini ya fundi cherehani. Siku za mwanzo ndani kuna giza tupu. Baada ya wiki kadhaa utaona uzi umejikunja humo, na ukisubiri kidogo, uzi unajinyonga. Ganda hilo linaweza kukaa udongoni miaka.

Wapo wasiofuata kanuni hii. Mayai ya ekinokokasi, giardia na kriptosporidia (kijidudu kingine cha seli moja) huwa tayari tangu yanapotoka. Kwa hiyo usafi wa siku ile ile ni mzuri, ila vaa glavu.

## Mnyama mmoja mmoja

6. Panya wana vimelea gani vya kutuambukiza?

Wa kwanza ni mnyoo wa mapafu ya panya, aliyeelezwa mara ya kwanza mwaka 1935 kutokana na panya wa Guangzhou, China. Mnyoo mkubwa anaishi kwenye mishipa ya damu ya mapafu ya panya. Mabuu yake hupanda na makohozi, yanamezwa, yanatoka na kinyesi. Konokono anakula kinyesi hicho. Mtu akimla konokono huyo mbichi, mabuu hukimbilia kwenye ubongo kama yanavyofanya kwa panya, ila kwa mtu hukwama huko na kufa, na utando wa ubongo unavimba. Maumivu makali ya kichwa, shingo kukakamaa, na ngozi kuwashawasha kama inachomwa sindano ndizo dalili zinazotajwa zaidi.

Wa pili ni tegu mdogo wa panya, anayepitia kwa wadudu wa nafaka. Mtoto akimeza mdudu wa unga aliyekula kinyesi cha panya, anampata. Kwa kawaida ni mpole na anatibika kirahisi. Kisha yuko trikinela, mnyoo ambaye humfikia mtu kupitia nguruwe aliyekula panya au mabaki ya nyama jalalani. Nyama ikiiva hadi ndani, habari imekwisha.

Funza naye asisahaulike. Watu humhusisha na vumbi na umaskini, lakini mbwa na panya nao humbeba na kumrudisha pale alipoondolewa. Alitoka Amerika, akaingia Angola kwa meli mwaka 1872, na katika miongo michache akavuka bara hadi Bahari ya Hindi. Ukiwatibu watu wa nyumba nzima na kumwacha mbwa, umefanya nusu ya kazi.

7. Kwa hiyo konokono kwenye mboga ni wa kuogopwa?

Konokono mkubwa humwona na kumtupa. Shida ni koa, yaani konokono asiye na gamba, tena mtoto wake: urefu wa punje ya mchele, rangi ya jani lililochakaa, kajibana kwenye shina la ndani la saladi. Osha jani moja moja kwa maji yanayotiririka, ukipitisha kidole kwenye mikunjo. Kulitumbukiza fundo zima ndani ya beseni hakumng'oi. Kupika kunamaliza jambo hili lote. Watoto wanaocheza na konokono wanawe mikono, basi.

8. Nina mimba. Nimwondoe paka?

Hili linaongoza kwa kuulizwa, na jibu ni hapana, usimwondoe, ila mwachie mtu mwingine kazi ya choo chake.

Toksoplasma huzaliana kikamilifu ndani ya jamii ya paka tu. Paka akiambukizwa mara ya kwanza, kwa kawaida kutokana na kula panya au ndege, hutoa mamilioni ya mayai kwa wiki moja hadi tatu, kisha huacha, na mara nyingi harudii tena. Hatari kwa mimba ni pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, maana kijidudu kinaweza kuvuka kondo la nyuma na kudhuru ubongo au macho ya mtoto. Aliyewahi kuambukizwa miaka ya nyuma kwa kawaida ana kinga tayari. Kipimo cha damu kliniki kinaweza kuonyesha.

Kwa kuwa mayai huhitaji angalau siku moja kukomaa, choo cha paka kikisafishwa kila siku, mnyororo umekatwa. Kinachosahaulika ni paka wa mtaani anayejisaidia kwenye tuta la mboga, na nyama isiyoiva. Wajawazito wengi humtimua paka wao kisha wakaenda kupalilia bila glavu.

9. Mbweha na mbwa koko wana shida gani?

Ekinokokasi. Tegu mwenyewe ni kijitu cha milimita chache kwenye utumbo wa mbweha, koyote au mbwa, na hamsumbui. Yai lake likimezwa na mtu, buu hukaa kwenye ini na kukua polepole kama uvimbe wa saratani. Kati ya kumeza yai na kuona dalili inaweza kupita miaka 5 hadi 15, kwa hiyo mgonjwa hakumbuki chochote cha kusimulia. Nchini Kanada mnyoo huyu amekutwa kwa koyote wa mijini, Edmonton na Calgary.

Mbwa wako anayekamata panya anaweza kumpata vilevile. Dawa ya prazikwanteli, kwa ratiba ya daktari wa mifugo, humsafisha. Ukimkumbatia mbwa, kumbuka mayai hukaa pia kwenye manyoya.

10. Rakuni wanachezea darini kwetu. Ni kweli mnyoo wao huingia ubongoni?

Ni kweli, ingawa ni nadra sana. Rakuni huchagua mahali pamoja pa kujisaidia, kama dari, shina la mti au rundo la kuni, na wanarudi hapo hapo kizazi baada ya kizazi. Mnyoo jike mmoja hutoa zaidi ya mayai 100,000 kwa siku. Mtu, hasa mtoto anayetia vitu mdomoni, akimeza mayai mengi yaliyokomaa, mabuu huzurura mwilini na kuharibu ubongo au jicho. Asili ya rakuni ni Amerika Kaskazini, lakini waliachiwa Ujerumani mwaka 1934 na wakaenea, kwa hiyo swali hili linaulizwa Ulaya pia. Kusafisha: swali la 14.

11. Na njiwa, kunguru, popo?

Kwa vimelea, hofu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Kijidudu kinachoua makinda ya njiwa kwa kuziba koo hakimpati mtu. Magonjwa yanayotajwa kutokana na kinyesi cha ndege na popo ni ya kuvu, bakteria au virusi.

Lipo moja la kushangaza. Ukiwafukuza njiwa darini, kupe laini waliokuwa wakiwanyonya hubaki kwenye nyufa, wanaweza kukaa miaka bila kula, kisha wanateremka vyumbani kuwauma watu. Ziba matundu, lakini dari isafishwe na kupuliziwa dawa kwanza.

12. Tumbili anachukua chakula mkononi mwa mtoto. Kuna ubaya?

Upo. Tumbili na nyani ni ndugu zetu wa karibu, kwa hiyo amiba na minyoo mjeledi huhama baina yetu na wao pande zote mbili. Kumlisha kunamzoesha kuja, na anapokula ndipo anapojisaidia.

13. Wadudu wanaouma hubeba vimelea vya wanyama wa mjini?

Ndiyo, na mfano bora uko Fuenlabrada, kusini-magharibi mwa Madrid. Kuanzia mwaka 2009 watu walianza kuugua leishmania kwa wingi, wengine vidonda vya ngozi, wengine kala-azar (leishmania ya viungo vya ndani), na kufikia mwisho wa 2012 wagonjwa walipita 400. Kwa desturi lawama humwendea mbwa. Safari hii mbwa walipimwa wakaonekana si wao. Karibu na makazi kulikuwa na bustani kubwa mpya ya miti, sungura wa porini wakajazana humo bila wa kuwala, na usubi wakawanyonya wao kisha watu wa jirani. Bustani ilikuwa jambo jema. Hakuna aliyefikiria ingemlea nani.

Ugonjwa wa Chagas wa Amerika ya Kusini nao una mwendo wa namna hiyo: oposumu na panya ni ghala, kunguni wakubwa wa usiku ni wachukuzi.

## Nyumbani

14. Nisafisheje kinyesi cha wanyama darini au uani?

Usifagie kikavu, maana utatimua vumbi. Vaa glavu, barakoa na viatu vya mpira. Lowesha kwanza, zoa kwa koleo, tia kwenye mifuko miwili na uifunge. Kisha mwaga maji yanayochemka, si ya uvuguvugu, kwenye eneo lote na kwenye koleo. Moto wa maji ndio unaoua mayai. Darini, ambako maji yatashusha dari yenyewe, ita mtu wa kazi hiyo.

Klorini ya kufulia haiui mayai ya minyoo haya. Kwa mnyoo wa rakuni inayafanya yasinate tu, yakaoshwa kirahisi. Nimeona watu wakimwaga chupa nzima, pua zikiwawasha, wakaondoka na amani isiyo na msingi.

15. Maji ya bomba yana dawa. Nayo yanahusika?

Mara chache. Kriptosporidia hustahimili klorini ya maji ya kunywa. Mwaka 2008 huko Northamptonshire, Uingereza, sungura mmoja aliingia kwenye tangi la mtambo wa kusafisha maji, na zaidi ya watu 250,000 wakaambiwa wachemshe maji. Sungura mmoja tu. Tangi la nyumbani lisilo na mfuniko ni mwaliko ule ule kwa panya na ndege. Funika, na ukiwa na shaka chemsha.

16. Mchanga wa watoto na mboga za bustanini?

Mchanga ufunikwe usiku, kwa kuwa paka huuona ni choo kilichotengenezwa kwa ajili yake. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, kucha ziwe fupi. Toksokara kwa mtoto inaweza kuishia jichoni na kupunguza uwezo wa kuona upande mmoja bila maumivu yoyote.

Mboga na matunda yaliyoanguka yaoshwe vizuri. Friza ya nyumbani haisaidii hapa: mayai ya ekinokokasi hayafi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kupika ndiko kunakoua.

17. Si tuwaue wote tu?

Ukiwaua wa mtaa huu, wa mtaa wa pili wanahamia, maana pipa bado liko wazi. Kinachopunguza ni kufunga taka, kuziba matundu, na kuacha kulisha. Zürich walijaribu njia nyingine: chambo chenye prazikwanteli kwa mbweha. Mayai yakapungua sana mahali pale chambo kilipowekwa, na mbweha wakabaki. Chambo kikikoma, mnyoo hurudi.

## Yasiyo ya kawaida

18. Tunakunywa dawa ya minyoo kila miezi sita, na choo kimepimwa hakina kitu. Tuko salama?

Dozi moja ya albendazoli inafagia minyoo mingi ya utumbo ya binadamu. Mabuu ya toksokara au ekinokokasi hayako utumboni. Yako kwenye ini, mapafu au jicho, na dozi hiyo haiyafikii vya kutosha. Choo nacho hakitasema kitu, kwa sababu ndani ya mtu mabuu hayo hayakui yakataga. Mayai utayatafuta hadi kesho. Daktari hutazama chembe nyeupe za damu aina ya eosinofili, kingamwili, na picha za viungo.

19. Nimeumwa na mnyama, nichunguzwe minyoo?

Minyoo ni ya mwisho kufikiriwa. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda.

20. Mtoto amemeza koa, au udongo wa chooni kwa rakuni. Tusubiri dalili?

Msisubiri. Kwa mnyoo wa rakuni, dawa ikianza mapema kabla mabuu hayajafika kwenye ubongo inasaidia. Baada ya dalili husaidia kidogo. Mpeleke, mweleze daktari alichomeza na lini, na ukiweza chukua sampuli ndani ya chupa iliyofungwa. Kwa koa, hesabu wiki moja hadi tatu ukiangalia maumivu ya kichwa na shingo, hata kama umeambiwa hana neno.

21. Ni kweli toksoplasma inabadilisha akili?

Kwa panya, ndiyo: aliyeambukizwa hupoteza woga wa harufu ya mkojo wa paka, na kijidudu kinafika kinakotaka. Kwa watu tafiti zinavutana, na uhusiano unaotajwa ni mdogo. Usimlaumu paka kwa hasira zako.

22. Panya amefia uani. Nimwache aoze au nimzike?

Mwondoe mapema. Kuna mnyoo wa ini la panya ambaye mayai yake hufungiwa ndani ya ini mpaka panya aoze au aliwe. Ndipo yanamwagika udongoni na kukomaa kwa wiki kadhaa. Viroboto nao huuhama mzoga unapopoa, wakitafuta damu ya moto iliyo karibu. Kwa hiyo usiinue mkia kwa vidole. Geuza mfuko nje ndani kama glavu, mshike, urudishe mfuko juu yake, funga, tia kwenye mfuko wa pili, na usisimame hapo kumtazama.